Samaki wa Kwenye Glasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, siku moja baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Novemba, kituo cha klorini cha ukingoni hakikuwa na mtu isipokuwa mfanyakazi wake. Urbain alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bomba la sindano mkononi, dawa imeshachanganywa. Wanawake walikuwepo. Walipita mbele yake na bidoni zao za njano, madumu ya lita ishirini, wakamsalimia kwa heshima, wakamuuliza habari za watoto, kisha wakaendelea hadi nyuma ya mawe, pale mtaro wa mtaa unapomwagikia ziwani, wakachota huko.

Mwavita alifika akakuta hivyo. Alikuwa msimamizi wa vituo kadhaa vya aina hiyo mjini Kalemie, kazi aliyopewa na shirika dogo la maji baada ya kumaliza kemia Lubumbashi. Kazi yenyewe haina maajabu. Mwanamke anachota maji ziwani, anasogeza bidoni, mtu wa kituo anaingiza kipimo cha klorini kwa bomba la sindano, na baada ya nusu saa maji yananyweka. Mwanamke halipi kitu. Katika mji ambao kolera hurudi pamoja na mvua, kipimo hicho kidogo kinatosha kulinda nyumba nzima, mradi mtu akubali kutiliwa.

"Wamekuambia nini?" alimuuliza Urbain.

"Hawasemi kitu, Mama. Wananisalimia tu kama muntu mwenye matanga." Akachomoa simu mfukoni. "Njo hii, ndiyo sababu yenyewe. Ilianza kuzunguka juzi."

Video ilikuwa fupi. Mkono wa mwanamume, glasi ya maji safi, ndani yake samaki mdogo wa ukingoni, mwepesi, akizunguka. Mkono wa pili ukaleta bomba la sindano, sawasawa na lile la Urbain, ukalisukuma hadi mwisho. Samaki alitikisika, akalala ubavu, akaelea. Sauti ikasema bila haraka: "Muangalie na macho yenu. Siyo mimi nasema. Kama inaua samaki, mutoto wa ndani ya tumbo itamwacha?"

Mwavita aliitazama tena na tena, kama alivyozoea kutazama sampuli. Samaki alikuwa wa kweli, na kufa kwake kulikuwa kwa kweli. Dawa pia ilikuwa klorini, hakuwa na sababu ya kulikataa hilo. Lakini lile bomba lilijaa kipimo cha bidoni ya lita ishirini, nalo lilimwagwa lote ndani ya glasi moja. Hapo ndipo udanganyifu ulipokaa, na hapakuwa na mtu ambaye angeuona kwa kutazama, kwa sababu picha haionyeshi kiasi.

Hakuwaza wanawake wote kwanza. Aliwaza mmoja. Wifi yake Amina, mke wa mdogo wake Abdoul-Karim, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili kabla ya hiyo ziliharibika mapema. Hii ndiyo ya kwanza iliyofika mahali pa kushonewa nguo.

Alimkuta Amina uani, ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, anasonya kwa joto. Bidoni yake ilikuwa mlangoni, imejaa. Mwavita aliinama akafungua kifuniko na kunusa. Harufu ya klorini haikuwepo.

"Umechota wapi?"

"Yaya, karibu kwanza. Ukae," Amina alisema, akimwita yaya, dada mkubwa, kama mumewe alivyozoea.

"Umechota nyuma ya mawe."

Amina hakukana. Alikuwa mzaliwa wa Zongwe, kandokando ya ziwa, binti wa wavuvi, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Niliona ile video," alisema. "Nikuulize kitu kimoja, unijibu kama yaya, usinijibu kama mwalimu. Ule samaki alikufa ao hakukufa?"

"Alikufa."

"Basi."

"Alikufa kwa sababu walimwekea dawa ya bidoni nzima. Na samaki anapumua maji, Amina. Klorini inamuunguza mahali pa kupumulia. Wewe hupumui maji. Unakunywa, yanaingia tumboni, kile kidogo kinaisha nguvu hapo hapo."

"Na mutoto wangu? Yeye hapumui ndani ya maji?"

Swali lilikuwa zuri kuliko Mwavita alivyotegemea. Akaeleza kwamba mtoto hupata hewa kupitia damu ya mama, kwa kitovu, na maji anayoelea si maji anayokunywa mama. Amina alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgeni akieleza njia ya kwao.

"Unasema vizuri, yaya. Lakini weye hujawahi kupoteza mimba. Mimi nimepoteza mbili. Maji ya ziwa nimekunywa tangu kuzaliwa, niko hapa."

Jioni ile Mwavita aliamua kurekodi ujumbe wa sauti kwa ajili ya makundi ya mtaa, kuanzia lile la Wamama wa Ukingo, lililoongozwa na jirani wa Amina, Mama Adolphine. Alirekodi katika karakana ya Abdoul-Karim, aliyekuwa akitengeneza injini za mitumbwi, kwa kuwa ndiye aliyejua kutuma mambo yakafika.

"Sema ni uongo, basi," Abdoul-Karim alimwambia huku akifuta mafuta mikononi. "Video ya uongo, watu waongo, bonsoir, imekwisha. Sekunde kumi."

"Siyo uongo. Samaki alikufa kweli."

"Yaya, nani anakuuliza?"

"Watu wa hapa wana samaki nyumbani na wana klorini ukingoni. Mmoja akijaribu, akaona samaki amekufa, mimi nitakuwa muongo, na kila nitakachosema baadaye kitakuwa cha muongo."

"Ukianza na ‘ndiyo’, watu watabaki na ‘ndiyo’. Mimi naishi na watu, weye unaishi na vitabu."

"Nitaanza na kilicho kweli, halafu nitaeleza."

Akarekodi. Dakika nne na kitu, kwa Kiswahili cha mtaani, polepole, bila neno gumu. Alianza hivi: "Ni kweli, klorini inaua samaki. Nakubali mbele yenu." Kisha akaeleza kipimo, matamvua ambayo samaki hupumulia, tumbo la mtu, kitovu, mdudu wa kolera na namna anavyokufa katika nusu saa ile ya kungoja. Hakusema jambo hata moja ambalo asingeweza kulitetea mbele ya walimu wake. Abdoul-Karim alisikiliza ujumbe wote, akasema, "Iko nzuri. Ni ndefu," akautuma.

Kesho yake mchana Urbain alimpigia simu. Alipofika kituoni, alisikilizishwa sauti yake mwenyewe. Sekunde chache tu: "Ni kweli, klorini inaua samaki. Nakubali mbele yenu." Baada ya hapo ikafuata sauti ile ya mwanamume wa video, tulivu kama mwanzo: "Mumesikia. Mukubwa wao mwenyewe amekubali."

Aliyekikata kipande hicho hakujulikana. Mwavita aliuliza kundi kwa kundi, kila mmoja akamtaja aliyemtumia, mpaka mnyororo ukaishia kwenye namba isiyopatikana. Jambo lililothibitika ni jepesi zaidi. Ujumbe wake mrefu ulikuwa mzito kupakua, na wengi hawakuufungua. Kile kipande kilifunguka chenyewe, katika simu yoyote.

Wanawake sasa walimwita Mama Nakubali. Hawakumwita kwa chuki. Mama Adolphine, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alimpigia kelele kutoka mlangoni: "Mama Nakubali, leo unatukubalia nini?" na wenzake wakacheka, na Mwavita akajikuta anatabasamu kwa adabu tu.

Alilala akilifikiria swali la Amina kwa namna ya kazi yake. Amina hakuhitaji kuelezwa. Alihitaji kuona. Video ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa jaribio, na jaribio hujibiwa kwa jaribio. Kilichokosekana kwenye ile video ni glasi za kulinganisha.

Alhamisi asubuhi alikwenda na Urbain ukingoni, wakavua vitoto vya samaki kwa chujio la chai, wakavitia katika sufuria ya maji ya ziwa. Mwavita akachukua chupa ya maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo sahihi, yaliyokwisha kungoja nusu saa yake, wakaenda kwa Amina.

Uani walikuwepo Mama Adolphine na majirani wengine wawili. Mwavita hakuwafukuza, alitaka mashahidi. Amina alikuwa amekaa mkekani, uso umechoka, kikombe cha maji ya ndimu pembeni. Tangu mwezi wa pili wa mimba alikuwa akinywa maji ya ndimu kila asubuhi kwa ajili ya kichefuchefu, na hata kichefuchefu kilipokwisha, mazoea yalibaki.

Mwavita akapanga glasi tatu juu ya kigoda. Ya kwanza maji ya ziwa. Ya pili maji ya klorini. Ya tatu akaishika mkononi, akasema, "Amina, nipe kidogo ya kikombe chako."

"Ndimu yangu?"

"Kidogo tu."

Akamimina. Katika kila glasi akatia samaki mmoja. Wote wakainama. Samaki wa ndimu alirukaruka mara moja, akageuka tumbo juu kabla Mama Adolphine hajamaliza kusogeza kitenge chake. Wa klorini alikuwa bado anazunguka.

"Oo," alisema jirani mmoja. "Ndimu imeua."

"Amina unakunywa sumu," Mama Adolphine akasema. "Tangu mwezi wa pili. Na mutoto anacheza mpira ndani."

Wakacheka, Amina naye akacheka, mkono juu ya tumbo.

"Wa klorini naye atakufa," Mwavita alisema, kwa sababu hakutaka waondoke wakidhani vingine. "Mungoje mutaona. Nataka muone tu kwamba kinachoua samaki siyo lazima kimuue muntu. Samaki hawezi ndimu. Wewe unaweza."

Walingoja. Wakati wa kungoja Amina aliomba radhi, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. Baadaye akaenda tena. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba huenda nyuma ya nyumba mara nyingi. Mwavita alikuwa anaangalia glasi. Samaki wa klorini alipunguza mwendo, akalala ubavu, akafa, kama alivyosema. Wa maji ya ziwa alibaki mzima.

Amina alitazama glasi zote tatu kwa muda. Kisha akachukua chupa ya Mwavita, akajimiminia, akanywa mbele yao, akapangusa mdomo.

"Inanuka kama hospitali," alisema. "Lakini sawa, yaya. Nimeona. Kuanzia leo nitachota kwa Urbain."

Mwavita aliandikia ofisi yake ripoti siku hiyo hiyo mchana. Njia ya glasi tatu, aliandika, inafaa kujaribiwa katika vituo vingine.

Jua lilipokuwa linazama Abdoul-Karim alimpigia. Sauti yake haikuwa na mzaha wowote. Amina alikuwa anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na miguu ilikuwa inamkakamaa. Wakampakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mume wake, wakampeleka kituo cha matibabu ya kolera. Mwavita alipofika alimkuta juu ya kitanda cha turubai chenye tundu katikati, dripu za seromu mikono yote miwili, macho yamezama, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Amina alimtambua wifi yake. Hakuweza kuzungumza.

Muuguzi Fanny, aliyekuwa zamu, alifanya kila kinachotakiwa, na Mwavita, aliyekuwa anajua kinachotakiwa, aliona kuwa hakuna lililokosewa. Maji yalirudi mwilini. Shinikizo la damu likapanda. Amina akaokoka. Lakini kabla maji hayajarudi kulikuwa na muda ambao damu haikumtosha yeye wala mtoto. Ijumaa asubuhi Fanny alitafuta mapigo ya mtoto kwa kifaa chake, akahamisha kifaa, akatafuta tena, kisha akakiweka chini. Mtoto alitoka alasiri. Alikuwa wa kiume. Abdoul-Karim na wajomba zake walimfunga katika kitambaa cheupe wakamzika kabla ya magharibi.

Kwenye korido Fanny alimwita Mwavita pembeni. "Wewe ni muntu wa maji, nitakuambia. Alisema alianza kuhara alfajiri ya Alhamisi. Mara tatu mbele ya chai ya asubuhi. Hakusema kwa muntu."

"Alfajiri? Kabla sijafika kwake?"

"Njo alivyosema mwenyewe. Lakini hiyo ni ya mugonjwa, Mama. Siyo ya kupeleka inje."

Jumamosi ujumbe mpya wa sauti ulianza kuzunguka. Safari hii alisema mwanamke. Mwavita aliusikiliza peke yake, simu sikioni, amesimama uani kwake. "Yule Mama Nakubali alienda kwa wifi yake Alhamisi na chupa ya klorini. Wanawake walikuwepo, waulizeni. Alimpa, akakunywa mbele yao. Jioni ile akaanguka. Ijumaa mutoto akatoka, amekufa. Mimi siongezi kitu."

Alirudia mara kadhaa akitafuta uongo. Hakuupata. Alikwenda na chupa. Wanawake walikuwepo. Amina alikunywa. Jioni alianguka. Ijumaa mtoto alitoka, amekufa. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na mwenye kusema hata hakudai kwamba jambo moja lilisababisha lingine. Kilichokosekana ni kimoja tu, alfajiri ya Alhamisi, na hicho alikuwa nacho Amina.

Jumapili Urbain alirushiwa matope kutoka nyuma ya mawe. Jumatatu vituo vingine viwili vilianza kukosa watu, na kituo cha matibabu kilipokea wagonjwa wapya kutoka mtaa ule ule. Jumanne Amina aliruhusiwa kurudi nyumbani, na Mwavita alimfuata huko.

Alimkuta mkekani pale pale. Hapakuwa na kikombe. Abdoul-Karim alikuwa mlangoni, amekaa kama mlinzi.

"Usimsumbue, yaya."

"Nina swali moja."

"Weye kila siku una swali moja."

"Mwache aingie," Amina alisema kutoka ndani.

Mwavita alikaa. Alizungumza kwa utaratibu, maana hakujua namna nyingine. Alisema anajua kuhusu alfajiri ya Alhamisi. Alisema hatalitumia jambo hilo bila ruhusa, na kwamba Amina akikataa hataulizwa tena. Lakini kuna wanawake wanachota nyuma ya mawe kwa sababu yake, jina lake linatajwa, na hakuna mtu mwingine anayeweza kusema kwamba ugonjwa ulitangulia chupa.

"Nilijua ile siku," Amina alisema. "Mara ya pili nilienda nyuma ya nyumba, nilijua. Nilisema nikikuambia utanipeleka kwa wale wa kolera, wataniwekea vitu, mutoto ataharibika. Nikanyamaza. Nikakaa kuangalia samaki zako." Akavuta kitenge juu ya magoti. "Sasa unataka nisimame mbele ya watu niseme mimi njo niliyemunyamazia mutoto wangu."

"Hukumuua. Kolera ilimuua."

"Siyo nilichosema."

"Usirekodi, Amina," Abdoul-Karim alisema kutoka mlangoni. "Watu hawa mimi nawajua. Hawatafuti ukweli, wanatafuta kitu cha kusikiliza."

Mwavita alijua kwamba mdogo wake alikuwa sahihi mara ya kwanza, kuhusu ile ‘ndiyo’. Alijua pia kwamba idadi ya wagonjwa ilikuwa inapanda. Alivipima vyote viwili. Hakuondoka.

Amina akanyoosha mkono. "Nishikie simu yangu, yaya. Mikono yangu haijapata nguvu."

Akasema mara moja tu, bila kurudia: "Mimi ni Amina, muke wa Abdoul-Karim. Nilikunywa maji ya nyuma ya mawe wiki nzima. Alhamisi nilianza kuhara alfajiri, yaya Mwavita angali kwake. Nilificha. Klorini nilikunywa kisha, nikiwa tayari mugonjwa. Siyo klorini. Muchote kwa Urbain." Mwavita akauachia ujumbe katika kundi la Wamama wa Ukingo.

Wakangoja, simu juu ya mkeka katikati yao. Jibu la kwanza lilikuwa la Mama Adolphine: mikono miwili ya kuombea, na maneno "Pole sana mama." Kisha yakaja mengine, moja juu ya jingine.

"Wamekutuma."

"Mama gani anasema vile juu ya mutoto wake, juma moja haijaisha?"

"Musikilize vizuri, kuna muntu mwengine anapumua karibu na simu. Ni yule."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwavita aliusikiliza tena ujumbe na akajisikia, pumzi zake, wazi kabisa, kati ya sentensi na sentensi.

"Alificha kuhara, ataficha nini tena?"

"Kama hii ni kweli basi yeye njo alimuua."

Amina alisoma lile la mwisho. Abdoul-Karim aliinuka mlangoni, akaja, akanyoosha mkono kuchukua simu, lakini mke wake alikuwa ameshaishika mwenyewe. Alibonyeza mara mbili, akairudisha mkekani kifudifudi, akalala upande wa ukutani.

Mwavita alitoa simu yake mwenyewe akafungua kundi. Chini kabisa, baada ya ujumbe wa mwisho, palikuwa na mstari mmoja mdogo wa kijivu: Amina ameondoka kwenye kundi.